Ushuhuda wa Tata Wambui

Mtakaosoma, mnivumilie mwandiko. Shule yangu iliishia ya msingi, kalamu ni ya kuazima na inavuja, na herufi r na l zimenisumbua tangu nizaliwe. Mkikuta moja mahali pa nyingine, ibadilisheni wenyewe, hamtaumia. Naandika polepole. Mbele ya watu sisemi kabisa, kwa hiyo imebaki karatasi.

Juzi jirani yetu hapa Thika alichemsha majani ya mikaratusi kwa ajili ya mafua. Harufu ilipita chini ya mlango ikanikuta nikikunja nguo. Nilitoka nje nikasimama barabarani hadi ikaisha, na jirani akaniuliza kama nimefukuzwa. Watu wa rika langu wengi wanapenda harufu hiyo, wanasema inawakumbusha bibi zao. Mimi inanikumbusha wanawake wanne wa kanisa na blanketi moja, na sina bibi katika kumbukumbu hiyo.

Ndugu yangu Karanja hatoki jasho. Hajawahi kutoka jasho tangu azaliwe. Watu wakisikia hivyo hucheka na kusema ana bahati, hanuki. Hao ndio watu ninaowazungumzia.

Tulikaa kwenye kambi ya shamba la makonge, upande wa chini wa Thika ambako nchi ni kavu. Nyumba zilikuwa za mabati, juu na pembeni, na kufika adhuhuri chumba kilikuwa kama tanuri. Mama alifanya kazi ya kuanika nyuzi kwenye waya, baba alikuwa mashineni, na mimi kazi yangu ilikuwa Karanja. Mama alimshonea shati kutoka gunia la sukari, halina mikono, na shati hilo lilipaswa kuwa na maji wakati wote jua likiwa juu. Likikauka alianza kuwa mwekundu machoni, kisha anakasirika bila sababu, kisha analegea. Jua likizidi tulimkalisha ndani ya pipa lililokatwa nusu, kwenye kivuli cha tangi, maji yakimfika kiunoni. Hapo aliweza kucheza na vikonyo vya makonge mpaka jioni kama mtoto yeyote.

Nywele zake zilikuwa chache na laini kama za mahindi machanga, na meno yake hayakuzidi ya kuhesabika kwa mkono mmoja, yamechongoka. Watoto wa kambi walimwita Mzee.

"Mzee, meno umeacha wapi?"

"Nimewaachia wake zangu watafune mahindi," alijibu, na hapo hata miaka sita hajafika. Alikuwa na mdomo, Karanja. Mdomo wangu mimi nadhani ndio alipewa yeye.

Jioni mama akirudi, kabla hajafungua kitambaa kichwani, alimshika Karanja mashavu akamlamba paji la uso. Kisha alinilamba mimi. Mimi nilikuwa na chumvi. Karanja hakuwa na chumvi, alikuwa na ladha ya kijiwe cha mtoni. Nilijua anatafuta, na kila jioni alikuwa hajapata.

Nilikuwa na maelezo yangu. Nyumbani kulikuwa na chungu cha maji ya kunywa na debe la maji ya kuoshea. Chungu kilitoa jasho kwa nje, na maji yake yalikuwa baridi hata saa nane. Debe lilikuwa kavu, na maji yake yalikuwa ya moto. Mwalimu wa Jumapili alikuwa ametufundisha kwamba Mungu aliumba mtu kwa udongo. Basi nikaona wazi kwamba siku ya Karanja udongo ulikuwa umekwisha, Mungu akamalizia na bati. Nilimgonga mgongoni kwa kijiko nisikie mlio wake. Alinigonga na yeye, kwa ngumi, na sikusikia mlio wowote isipokuwa wangu. Hata hivyo niliendelea kuamini. Na mpaka leo naona maelezo yale ya kitoto yalikuwa na akili kuliko yote tuliyoletewa na watu wazima.

Maana tuliletewa. Kila mtu aliyepita pale alisimama mbele ya pipa akiwa na maelezo mkononi kama mtu aliyeleta zawadi. Mmoja alisema ni laana ya shamba lililouzwa vibaya. Mwingine alisema mama alikunywa maji baridi akiwa na mimba. Mwingine, ambaye watoto wake mwenyewe walikuwa na funza mpaka magotini, alisema tunamdekeza. Dresa wa zahanati alisema "malaria" kabla hatujamaliza kuingia mlangoni, akamchoma sindano, na tuliporudi akasema tena "malaria" kwa sauti ileile, nadhani asingeweza kusema neno jingine hata angeletewa mtu aliyevunjika mguu.

Na pale bombani ilikuwa kila siku. Mama Musyoka, mke wa mkata makonge mmoja, alipenda kutusubiri.

"Leo mzee wenu anaoga mara ngapi? Mnataka aote magamba?"

"Akiota magamba nitakuuzia samaki," mama alisema, na kuendelea kujaza debe.

Mama hakuwadharau. Alikuwa amechoka sana, na dharau inataka nguvu. Mimi nilikuwa nayo ya kutosha, kwa hiyo niliwadharau kwa niaba yake, kimya kimya, nikiwa nimeinamisha kichwa kama msichana mwenye adabu.

Sasa Tata Wambui. Huyu alikuwa shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, alikaa Ruiru kwenye shamba la kahawa ambako mumewe alikuwa nyapara. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa, na alivaa kile kitambaa chao cheupe hata siku za kuosha vyombo. Sisi Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, na wa kwanza wa kike jina la mama wa baba yake. Karanja basi alikuwa na jina la marehemu babu, na Tata Wambui alimwita "baba", kama desturi inavyotaka. Mimi nilikuwa na jina la marehemu bibi, na kwa haki alipaswa kuniita "mama". Hakuniita kitu. Alinielekeza kwa kidevu.

Alikuja siku moja bila kutangaza, akatembea moja kwa moja hadi kwenye pipa na mkoba wake.

"Baba," alisema, "nani amekuweka kwenye sahani ya nguruwe?"

"Mama," alisema Karanja.

Mama alikuwa amesimama pale, mikono yake ina majimaji ya makonge. Tata hakumsalimu. Alimgusa Karanja shingoni, akamgusa tumboni, akafunga macho kama anayesikiliza.

"Hii ni homa ya zamani," alisema. "Iliingia ikafunga mlango, kwa sababu hakuna mtu aliyemtoa jasho. Na nyinyi mnaipoza kwa maji, inakaa humo inashiba. Mtoto huyu anataka kufukizwa."

"Alifukizwa akiwa mchanga," mama alisema. "Nusura tumzike."

"Alifukizwa na nani? Na watu wasio na maombi."

Ikiwa hamjui kufukiza, nyinyi ni watoto wa wazungu. Unachemsha majani kwenye sufuria kubwa, unamkalisha mgonjwa mbele yake, unamfunika blanketi yeye na sufuria pamoja, na anakaa mle ndani kwenye mvuke mpaka jasho limtoke na homa itoke nalo. Wengi wamepona hivyo, sikatai. Lakini hao walikuwa na jasho la kutoa.

Baba yangu alikuwa mtu mpole sana, na upole wake ulimfaidi kila mtu isipokuwa sisi. Usiku ule wote aliongea na dada yake, na asubuhi akamwambia mama, akitazama viatu vyake, "Wambui ana haki. Ni baba yake pia. Na Ruiru kuna baridi, itamfaa." Mama hangeweza kwenda naye. Hakuwa na pasi ya kusafiria, na siku hizo za Hali ya Hatari Mkikuyu bila pasi hakufika mbali. Tata alikuwa na barua ya mwenye shamba. Watoto hawakuulizwa.

"Basi ataenda na dada yake," mama alisema. Aliloweka shati, akamvika, akanivuta nyuma ya nyumba. "Lisikauke. Wakikuambia chochote, wewe itikia, halafu loweka. Na ukitaka kujua hali yake usiwaulize, onja."

Tulipanda gari moshi. Tata alieleza behewa zima habari za baba yake aliyefungiwa homa, na behewa zima likatoa ushauri. Mzee mmoja alipendekeza damu ya kondoo. Mimi nilikuwa na chupa ya maji chini ya gauni, na kila Tata alipogeuka kumjibu mtu nilimmiminia Karanja mgongoni.

Ruiru kweli kulikuwa na baridi. Asubuhi ukungu ulilala juu ya kahawa, na Karanja alikimbia kati ya mistari ya mikahawa akipiga kelele, jambo ambalo sikuwahi kuliona akilifanya. Tata alisimama mlangoni na kikombe cha chai akasema, "Mnaona? Hata sijaanza." Sifa ya ukungu aliichukua yeye. Kisha alivua lile shati la gunia akalifungia ndani ya sanduku lake la mabati. "Katika nyumba yangu mtu haogi kama bata," alisema. Nikaanza kuchovya upindo wa gauni langu kwenye maji ya vyombo, nikimkalisha Karanja karibu yangu, nikimpitishia shingoni kama ninayemfuta makamasi.

Jumapili ile ukungu haukuja. Jua lilitoka likiwa tayari limekasirika. Baada ya ibada Tata alirudi na wenzake watatu kunywa chai, na Karanja alikuwa amecheza kwenye meza za kuanikia kahawa na watoto wa shamba. Alikuja uso umewaka, midomo imekauka, akakaa kizingitini bila kusema neno. Karanja bila neno ni mgonjwa. Nilichukua kata.

"Mwache," Tata alisema. "Usimguse na maji. Homa inapanda, ndiyo vizuri, inatafuta njia."

Majani yalikuwa tayari jikoni. Alikuwa ameyapanga, ndiyo maana aliwaleta wale wanawake. Walileta sufuria ikichemka, wakamkalisha Karanja kwenye kigoda, wakamvua nguo, na blanketi ya nyapara, ile ya kijivu nzito, ikateremshwa juu yake. Kila mmoja alikanyaga pembe moja. Wakaanza kuimba.

Kutoka ndani alimwita Tata kwanza. "Tata, naungua." Kisha alimwita mama, ambaye alikuwa Thika. Kisha akaniita mimi. Nilivuta blanketi na mmoja wao, mwanamke mnene mwenye mkufu wa msalaba, akanisukuma kwa nyonga bila kukatiza wimbo. Kisha hakuita mtu.

"Ametulia," alisema mwenye mkufu.

"Homa imeshindwa," alisema mwingine.

Wakafunua. Uso wa Karanja ulikuwa unatiririka. Maji yalimtoka kidevuni, kifuani, mgongoni, yakidondoka sakafuni.

"Jasho," alisema Tata Wambui. Alimpangusa kwa kiganja, akawaonyesha wenzake kiganja kile kinavyong'aa, na machozi yakamtoka. "Baba yangu ametoka jasho. Mnaona wenyewe."

Waliona wenyewe. Watu wazima wanne, kila mmoja amepika maisha yake yote, kila mmoja amefunua sufuria ya githeri na kuona kifuniko kinavyodondosha maji, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Walishikana mikono wakaanza wimbo wa shukrani.

Nilipita chini ya mikono yao nikamlamba paji la uso. Uchungu wa mikaratusi. Nililamba tena, nikitafuta kama mama. Hakukuwa na chumvi.

"Si jasho," nilisema. "Ni maji ya sufuria."

Nilikuwa sijawahi kusema jambo mbele ya watu wazima bila kuulizwa. Hata nisingesema ingekuwa sawa tu, kwa sababu waliimba juu yangu. Kichwa cha Karanja kiliangukia bega langu na macho yake yalionyesha weupe. Ngozi ilinichoma kupitia gauni. Basi nikamweka mgongoni kama alivyo, uchi, nikatoka.

Chini ya nyumba za shamba kulikuwa na mfereji wa kuoshea kahawa, wa saruji, maji yake yanatoka mtoni. Nilishuka kati ya mikahawa matawi yakinichapa usoni. Nyuma yangu wimbo ulikatika, na Tata akaanza kupiga kelele kwamba baridi itamuua, mtu aliyetoka jasho hatiwi kwenye maji, nimrudishe. Niliingia mferejini na nguo zangu. Nilikaa nikimkumbatia, maji yakitupita yakibeba maganda mekundu ya kahawa, na yananuka chachu kama uji ulioharibika. Nilimmwagia kichwani kwa mikono. Wale wanawake walifika wakasimama ukingoni na viatu vyao vya kanisa, wakinikaripia kwa zamu, na hakuna aliyetaka kulowa.

Jua lilikuwa limehama kabisa upande mwingine alipofungua macho.

"Hii maji inanuka," alisema.

Baba alikuja kutuchukua siku iliyofuata, nyapara alikuwa amempelekea habari. Tata alikuwa na maelezo kabla baba hajakaa. Jasho lilitoka, mashahidi wako, homa ilikuwa inaondoka, na huyu msichana akairudisha ndani kwa maji baridi. Baba alinitazama. Nilisema, "Halikuwa na chumvi." Tukapanda gari moshi la kurudi Thika. Mama alimpokea Karanja, akamwonja, akalitazama shati la gunia ambalo Tata alilirudisha limekunjwa vizuri na kavu kabisa. Alilitumbukiza kwenye debe bila kuuliza.

Mnadhani jambo liliishia hapo. Hamumjui Tata. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kwake akatoa ushuhuda jinsi Bwana alivyofungua mlango wa homa kwa mikono yake, na ule mfereji haukutajwa. Ushuhuda ulipendwa. Aliurudia Ruiru nzima, ukanenepa, na mwishowe akaamua kuuleta kwetu, pamoja na wale wenzake, ili watu wa kambi wamwone mtoto wa ushuhuda.

Walikuta mchana wa jua kali, na mtoto wa ushuhuda amekaa ndani ya pipa. Hilo halikumsumbua. Aliwakusanya majirani, na baba akawa hapo, na mama mbele ya mlango. Mimi nilikuwa nimetoka tu bombani na debe kichwani.

"Mikono hii," Tata alisema, akaiinua, "mikono hii ilishika jasho lake."

Majirani waliguna kwa heshima. Hao hao. Walikuwa wamemwona Karanja kavu kila siku ya maisha yake, lakini mwanamke amekuja na kitambaa cheupe, basi macho yao wakayaweka mfukoni.

"Wambui," Karanja alisema.

Si Tata. Wambui. Alisema kwa sauti ya kizee, ile aliyozoea kuwachekeshea watoto, lakini hakuwa anacheka.

"Wambui, mwanangu."

Tata alimtazama. Alikuwa amemwita baba mbele ya kanisa lake, mbele ya behewa la gari moshi, mbele ya kila mtu. Na baba akiita, mtoto huitika.

"Naam, baba," alisema.

"Baba yako anaungua. Maji haya yamekuwa supu." Karanja aliinua mkono akanionyesha. "Na mama yako amebeba debe tangu asubuhi, amechoka. Nenda bombani."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka akajizuia. Tata alimgeukia baba yangu amwokoe, maana baba alikuwa hajawahi kukosa kumwokoa mtu kwa hasara yetu. Baba alitazama viatu vyake.

"Umemsikia baba," alisema.

Nilishusha debe, nikamimina kwenye pipa, nikamkabidhi Tata likiwa tupu. Alilipokea kwa vidole viwili. Alikwenda na kitambaa chake cheupe hadi bombani akasimama kwenye foleni juani, nyuma ya Mama Musyoka, na wote tukasikia Mama Musyoka akimwuliza, kwa unyenyekevu kabisa:

"Kwani leo mzee wenu anaoga mara ngapi?"

Karanja sasa ni kijana, amekaa hapa nyuma yangu na shati lake linadondosha maji sakafuni, anataka kujua kama nimemwandika akiwa mrembo. Shule mbili zilimkataa kwa sababu analowesha dawati. Kama kwenu yuko mwingine wa namna hii, dada au ndugu asiyetoka jasho, niandikieni kupitia gazeti hili. Nataka kujua anavaa nini mchana, na ni mwalimu gani aliyekubali akae na debe lake. Kuna siku nafikiri tuko peke yetu duniani, na sipendi kufikiri hivyo. Wenye ushauri wa majani msipoteze stempu. Na barua iwe fupi, kusoma pia nasoma polepole.